Siku fupi kuliko zote ni tarehe 21 Desemba, sasa mbona baridi kali inasubiri Januari?

Kila mwaka ikifika tarehe 21 au 22 Desemba, watu walioko Ulaya na Marekani wanaanza kuposti kwamba leo ndo winta imeanza rasmi, leo ndo siku fupi kuliko zote, na ndugu waliobaki nyumbani wanajibu poleni sana na baridi, jifunikeni. Sasa ukilifikiria hili jambo vizuri unaona kuna kitu hakikai sawa. Kama hiyo ndo siku ambayo jua linaonekana muda mfupi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, basi na baridi ingetakiwa ifike kileleni siku hiyo hiyo, alafu kuanzia kesho yake watu waanze kupata nafuu. Lakini muulize yeyote anayeishi Minneapolis au Toronto, atakwambia Desemba bado cha mtoto, shughuli yenyewe iko katikati ya Januari na wakati mwingine inaingia Februari. Na huku kusini mwa ikweta mambo ni hayo hayo ila yamegeuka, sisi siku yetu fupi ni tarehe 20 au 21 Juni, lakini mtu wa Makete au Njombe ukimuuliza mwezi wa kutetemeka atakutajia Julai.

Nimeona nilielezee hili kwa kirefu kwa sababu watu wanachanganya vitu viwili ambavyo ni ndugu lakini sio pacha, mwanga na joto. Hiyo tarehe 21 ni tarehe ya mwanga. Joto linakuja nyuma yake kwa mwendo wake lenyewe, na njiani linakutana na bahari, upepo, mawingu na milima, na kila kimoja kina sauti katika kuamua wewe utavaa sweta siku gani.

Jua linapofika mwisho wa safari

Tuanze na jua. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama, mhimili wake, ule mstari wa kufikirika unaotoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, umeinama kwa nyuzi 23.4, na cha muhimu kuliko vyote ni kwamba unaelekea upande ule ule mwaka mzima, haugeuki dunia inapotembea. Kwa hiyo dunia ikiwa upande mmoja wa jua, nusu ya kaskazini inakuwa imelielekea jua, na miezi sita baadae ikiwa upande wa pili nusu hiyo hiyo inakuwa imelipa jua mgongo na sisi wa kusini ndo tumelielekea. Majira yote ya mwaka chanzo chake ni hicho.

Kwa mtu aliyesimama chini anaangalia, jua la mchana linaonekana kama linasafiri. Kuanzia mwisho wa Juni linashuka kuelekea kusini siku baada ya siku, Septemba tarehe 22 au 23 linapita juu ya ikweta, linaendelea mpaka Desemba linafika juu ya Tropiki ya Kaprikoni, ule mstari unaokata Namibia, Botswana, Afrika Kusini, Msumbiji na Madagaska, hapo linasimama alafu linageuza. Ile nukta ya kugeuza ndo wanaita solistisi. Wala sio siku nzima, ni wakati mmoja tu unaoweza kutajwa kwa saa na dakika, mwaka 2025 ilikuwa tarehe 21 Desemba saa 12 na dakika 3 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, na kwa vile mwaka una siku 365 na karibu robo, hiyo saa inasogea kila mwaka ndo maana mara utasikia tarehe 21, mara 22.

Kwa wenzetu wa kaskazini hapo ndo mwanga unakuwa kidogo kabisa. London siku hiyo jua linaonekana masaa 7 na dakika 50 hivi, Minneapolis kama masaa 8 na dakika 46, na ukipanda hadi Tromsø kule kaskazini ya Norwe jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, watu wanaishi na ule mwanga hafifu wa mchana tu. Dar es Salaam siku hiyo hiyo mchana una kama masaa 12 na nusu, na Nairobi tofauti yenyewe ni dakika chache ambazo mtu hawezi hata kuzigundua.

Ila urefu wa siku ni nusu ya habari, na nusu ya pili ambayo kwa maoni yangu ndo nzito zaidi watu wanaisahau. London tarehe 21 Desemba jua la saa sita mchana linafika nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, wakati Juni linafika nyuzi 62. Jua likiwa chini namna hiyo miale yake inakuja kwa mshazari, inapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla haijagusa ardhi, na ikigusa inatawanyika kwenye eneo kubwa, kwa hiyo mita moja ya mraba ya ardhi tambarare inapata chini ya theluthi ya kile ilichokuwa inapata Juni saa hiyo hiyo, na hapo nazungumzia siku ambayo anga ni jeupe halina wingu. Ndo maana mtu anakupigia video anakuonyesha jua linawaka dirishani kwake kabisa na bado amevaa makoti mawili.

Kuna kamtego kengine kadogo hapa ambako kanawasumbua watu wanaofuatilia saa. Siku fupi kuliko zote sio siku ambayo jua linazama mapema kuliko zote. London jua linazama mapema zaidi karibu tarehe 12 Desemba, na linachelewa zaidi kuchomoza mwanzoni kabisa mwa Januari. Sababu ni kwamba njia ya dunia kuzunguka jua sio duara kamili na mhimili umeinama, kwa hiyo kutoka adhuhuri ya jua ya leo, yaani ule wakati jua liko juu kuliko saa zote za siku, hadi ya kesho hupati masaa 24 kamili, mwishoni mwa Desemba inazidi kwa karibu nusu dakika kila siku, na adhuhuri ikisogea mbele na kuchomoza na kuzama vinasogea nayo. Basi ukiona wiki ya Krismasi jioni imeanza kurefuka huku asubuhi bado giza linazidi, saa yako ni nzima.

Ile meseji ya WhatsApp kuhusu jua kuwa mbali

Lazima niizungumzie hii kwa sababu inarudi kila mwaka na inawatia watu hofu bure, hasa wazazi na wazee. Inatembea kwenye magrupu, inasema kuanzia kesho alfajiri dunia itaingia kwenye hali inayoitwa afelioni, itakuwa mbali sana na jua, tutapata baridi ambayo haijawahi kutokea mpaka mwezi wa nane, tutaumwa mafua na kikohozi na kubanwa kifua, jengeni kinga. Alafu inaweka na namba ili ionekane ya kisayansi, kwamba umbali wa kawaida wa jua ni dakika 5 za mwendo wa mwanga au kilomita milioni 90, na sasa utakuwa kilomita milioni 152, yaani asilimia 66 zaidi.

Afelioni ipo kweli, ni siku ambayo dunia iko mbali kuliko zote na jua, na inatokea kila mwaka mwanzoni mwa Julai. Na hiyo milioni 152 ni sahihi. Uongo uko kwenye hiyo milioni 90. Umbali wa wastani ni kilomita milioni 150 hivi, mwanga unautembea kwa dakika 8 na sekunde 20, na hata dunia ikiwa karibu kuliko siku zote umbali haushuki chini ya kilomita milioni 147. Hiyo 90 inaelekea mtu alichukua umbali wa maili, ambao ni maili milioni 93, akauandika kwa kilomita. Ukitoa 147 kwenye 152 unabaki na milioni 5, kama asilimia 3 hivi ya umbali wote, sio 66. Na hiyo tofauti inajirudia kila mwaka tangu babu zetu, haijawahi kuwa tukio.

Sasa angalia tarehe, kwa sababu tarehe zenyewe zinamaliza ubishi. Siku ambayo dunia iko karibu kuliko zote na jua inaangukia kati ya tarehe 2 na 5 Januari hivi, yaani wakati ule ule ambao Minneapolis inaganda na maziwa yanatembelewa na magari juu ya barafu. Na Julai ambapo tuko mbali kabisa, huko kaskazini watu wanakwenda ufukweni. Tena ukichukua joto la uso wa dunia nzima ukalipigia wastani, Julai ina joto zaidi kuliko Januari, ijapokuwa nguvu ya jua inayotufikia Julai ni pungufu kwa karibu asilimia 7, kwa sababu nusu ya kaskazini ndo yenye nchi kavu nyingi na nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari. Umbali ungekuwa ndo unaleta baridi, Januari ingekuwa na joto kila mahali na Julai ingekuwa na baridi kila mahali, na hakuna mwaka hilo limetokea. Kwa hiyo ukitumiwa hiyo meseji Julai na nje kweli kuna baridi, baridi ni ya kweli, sababu waliyoiandika ndo sio.

Kwa nini baridi inachelewa

Turudi kwenye swali letu. Ardhi inapokea joto kutoka kwa jua mchana, na inatoa joto kwenda angani usiku na mchana bila kupumzika. Hali ya joto inapanda au kushuka kutegemea kipi kikubwa kati ya hivyo viwili. Chukua mtu ambaye kipato chake kimeshuka mwaka mzima na matumizi yamezidi kipato, anakula akiba. Mwezi wa 12 kipato kinafika chini kabisa, alafu kinaanza kupanda taratibu, elfu mbili tatu kila wiki. Je akiba yake inaanza kuongezeka siku hiyo hiyo? Haiwezi, kwa sababu bado anatumia kuliko anachoingiza, akiba itaendelea kupungua mpaka siku kipato kitakapoyafikia matumizi, na hiyo siku ndo akiba itakuwa ndogo kuliko zote. Solistisi ni siku ya kipato kidogo, na baridi kali ni siku ya akiba ndogo, na kati yake zinapita wiki kadhaa.

Na kipato chenyewe kinapanda polepole mno mwanzoni. Karibu na solistisi jua karibu limesimama, siku zinaongezeka kwa sekunde tu, London kutoka tarehe 21 Desemba hadi 21 Januari mchana umeongezeka kama dakika 45 kwa mwezi mzima, wakati ikifika Machi unaongezeka karibu dakika 4 kila siku. Kwa hiyo mwezi mzima unapita ambapo jua limerudi kwa jina tu, ardhi inaendelea kupoteza joto usiku mrefu ule, na kama kuna theluji chini basi ndo kabisa, theluji nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya mwanga juu hata huo mdogo uliofika haubaki. Minneapolis wastani wa Januari nzima, usiku na mchana ukichanganya, ni karibu nyuzi 9 za sentigredi chini ya sifuri, na Desemba ina nafuu kidogo.

Mfano unaonigusa kuliko yote uko Antaktika. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa kwa kipimajoto juu ya ardhi ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, kwenye kituo cha Warusi kinachoitwa Vostok, na ilipimwa tarehe 21 Julai 1983. Kule ni kusini, solistisi yao ya baridi ni Juni, kwa hiyo rekodi imekuja mwezi mmoja baada ya solistisi. Na kaskazini pia, kijiji cha Oymyakon kule Siberia kilipima nyuzi 67.7 chini ya sifuri mwaka 1933, mwezi Februari, sio Desemba.

Maji yanachelewesha zaidi. Kupasha moto kilo moja ya maji kunahitaji joto kama mara nne au zaidi ya lile la kilo moja ya udongo mkavu, na juu ya hapo jua linaingia ndani ya maji na mawimbi yanayachanganya kwenda chini, kwa hiyo bahari ina akiba kubwa mno, inachukua muda kuijaza na muda kuimaliza. Bahari inayoizunguka Uingereza inafikia baridi yake kubwa Februari hadi Machi, miezi miwili na zaidi baada ya solistisi. Maziwa makubwa ya Marekani na Kanada barafu yake inafika kilele kati ya katikati ya Februari na mwanzoni mwa Machi. Na San Francisco, ambayo inapuliziwa na bahari ya Pasifiki, mwezi wake wa joto kuliko yote ni Septemba, wakati watoto wameshafunguliwa shule zamani. Kadiri unavyokaa karibu na bahari ndivyo majira yako yanavyochelewa na kuwa laini, ukiingia ndani bara yanawahi kidogo na yanakuwa makali.

Ndo maana watu wa hali ya hewa hawahesabu winta kuanzia tarehe 21 Desemba. Wao wanachukua Desemba, Januari na Februari nzima, inaanza tarehe 1 Desemba, basi, kwa sababu hiyo miezi mitatu ndo yenye baridi kwa takwimu. Tarehe 21 ni kalenda ya wataalamu wa nyota na sayari. Zote mbili ni halali, kila moja inapima kitu chake.

Solistisi haikupangii wiki yako

Kitu kingine ambacho watu wanategemea kutoka kwa hii siku ni utabiri, kwamba ikiwa baridi siku hiyo basi msimu wote utakuwa hivi au vile. Hapana. Chukua Uingereza. Desemba 2010 ilikuwa ya baridi kuliko Desemba zote kwa zaidi ya miaka 100, theluji iliufunga uwanja wa Heathrow tarehe 18 watu wakalala sakafuni siku kadhaa kabla ya Krismasi. Miaka mitano baadae, Desemba 2015, ikawa ya joto kuliko Desemba zote zilizowahi kupimwa nchini humo, na mvua zikaleta mafuriko makubwa kaskazini ya Uingereza. Mwinamo wa dunia ulikuwa ule ule, jua la London lilifika nyuzi zile zile 15, siku ilikuwa na masaa yale yale 7 na dakika 50. Kilichobadilika ni upepo. Mwaka 2010 hewa ilikuwa inashuka kutoka kaskazini na mashariki, mwaka 2015 ilikuwa inakuja kutoka kusini magharibi juu ya Atlantiki yenye joto.

Texas mwaka 2021 ni hivo hivo. Katikati ya Februari, karibu miezi miwili baada ya solistisi, siku tayari zimerefuka, hewa ya ncha ya kaskazini iliteremka mpaka kwenye mpaka wa Meksiko, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu na wengi wakafa kwa baridi ndani ya nyumba zao. Mchango wa solistisi hapo ni kwamba miezi ya giza kule kaskazini kabisa ndo inatengeneza hiyo hewa baridi na kuilundika. Itashuka lini na itamshukia nani, hilo ni la upepo wa juu, na huwezi kulisoma kwenye kalenda.

Na huku kwetu je

Hapa ndo ninapopapenda, kwa sababu Afrika Mashariki iko mahali ambapo solistisi inafanya kazi sehemu moja na sehemu nyingine haifanyi kabisa, na watu wanazichanganya.

Nairobi Julai kuna baridi, hilo halina ubishi, wiki nzima inapita hamjaliona jua na watu wanatembea na makoti. Wengi wanasema ni kwa sababu jua liko kaskazini. Lakini Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini ya ikweta, na tarehe 21 Juni jua la mchana linafika nyuzi 65 juu, yaani liko juu zaidi ya vile London inavyopata siku yake bora ya mwaka mzima. Jua lingekuwa linaonekana, Julai ya Nairobi ingekuwa ya kawaida tu. Kinacholeta baridi ni upepo wa kusi unaotoka Bahari ya Hindi, unapanda kuelekea nyanda za juu, ukipanda unapoa na unyevu wake unakuwa mawingu ya chini yanayotanda kutwa kama hayana pa kwenda. Jua lipo juu ya wingu, chini halifiki. Sasa solistisi inahusika kwa mbali, kwa sababu kusi yenyewe inavuma kwa nguvu wakati kusini mwa Afrika kuna winta na mgandamizo mkubwa wa hewa, huku bara la Asia likiwa limepata moto na linavuta hewa. Kwa hiyo baridi ya Nairobi ni solistisi ya watu wengine, imeletwa na upepo.

Kericho inapinga moja kwa moja ile dhana kwamba sakitu, ile barafu nyembamba inayokaa kwenye majani alfajiri, inafuata siku fupi. Chai ya Kericho na maeneo ya jirani iliunguzwa vibaya na sakitu mwezi Januari 2012, wakati jua liko kusini na kwa hesabu za solistisi hiyo sio winta kwa mtu aliye kusini ya ikweta hata kidogo. Januari kule ni kiangazi, anga halina wingu, hewa ni kavu, usiku joto lote la ardhi linapanda juu bila kuzuiwa na asubuhi majani ya chai yamekuwa meupe, jua likipanda yanageuka kahawia. Wingu la usiku ni blanketi, likiondoka hata karibu na ikweta unaweza kupata barafu mradi uko juu mlimani vya kutosha.

Dar es Salaam kuna tofauti ndogo lakini ipo, mchana wa Juni na wa Desemba unapishana kwa dakika karibu 50. Joto la Dar linapungua Juni hadi Agosti, kipupwe chenyewe, Julai usiku unaweza kuzima feni, na joto la kukosesha usingizi liko Januari hadi Machi. Tena angalia kuchelewa kule kule, solistisi yetu ya jua kali ni Desemba lakini mtu wa pwani analalamika Februari, kwa sababu bahari inaendelea kujaza joto. Hata mvua zinachelewa hivo hivo, jua linapita juu ya ikweta tarehe 20 au 21 Machi likielekea kaskazini, na ukanda wa mvua unalifuata kwa nyuma, masika inakolea Aprili. Septemba jua linarudi, vuli inakuja kukolea Novemba.

Ila kama unataka kuiona solistisi yenyewe kwa macho, nenda Mbeya. Simamisha fimbo ya mita moja wima kwenye uwanja tambarare, subiri adhuhuri ya jua, ambayo kwa Mbeya inakuja kama saa sita na dakika 45 mchana kwa sababu mji uko magharibi ya mstari wa saa zetu. Tarehe 21 Juni kivuli kitakuwa na sentimita 63 hivi na kitaelekea kusini, kwa kuwa jua liko kaskazini yako. Rudia tarehe 21 Desemba, kivuli kitakuwa kama sentimita 26 na kimegeukia kaskazini. Mwalimu wa jiografia anaweza kufanya hili na watoto uwanjani bila kifaa chochote, na mtoto aliyepima kile kivuli mwenyewe huwezi tena kumdanganya na meseji ya kilomita milioni 90.

Sasa huko Nyanda za Juu Kusini ndo solistisi inakutana na mambo mengine yote kwa pamoja. Jua la Juni limeshuka hadi nyuzi 58, usiku umekuwa mrefu kuliko mchana kwa dakika karibu 50, kusi inaleta hewa iliyopoa kutoka kusini, mvua zimekatika tangu Mei kwa hiyo usiku anga liko wazi, na juu ya yote kuna mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kwa nyuzi 6 au 7, na Kitulo iko mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Ukitoka nje alfajiri ya Julai huko nyasi zinavunjika chini ya viatu, zimekauka kwa barafu, na maji uliyoyaacha kwenye ndoo nje yana ngozi nyembamba ya kioo juu yake. Shamba la viazi lililopigwa na sakitu asubuhi halionyeshi kitu, majani yamesimama yana vumbi jeupe tu, ila ikifika saa nne jua limepasha yanalegea yote kwa pamoja na kuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Na mkulima anayeumia zaidi ni yule wa vinyungu, vile vishamba vya kiangazi, kwa sababu vinyungu viko mabondeni kwenye unyevu na vinalimwa kiangazi hicho hicho. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, usiku ukiwa umetulia inateremka kutoka mlimani polepole na kutuama bondeni, kwa hiyo shamba la mteremkoni linaweza kupona huku la chini mita chache tu limeungua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe kwa Juni hadi Agosti, ni wa kuusikiliza, ila huo unazungumzia msimu mzima na sio usiku wa leo. Usiku wa leo unausoma mwenyewe jioni. Wiki za hatari zinaanza baada ya tarehe 21 Juni na kuendelea Julai yote, wakati wengi wanadhani siku fupi imeshapita basi na baridi imepita. Jua likizama na anga likawa jeupe kabisa, upepo ukakata, hewa ikawa kavu na mapema tu saa mbili usiku mikono inakufa ganzi, hapo funika kitalu kwa nyasi kavu, na kama maji yapo mwagilia kabla giza halijaingia, kwa sababu udongo wenye unyevu unashika joto la mchana muda mrefu kuliko mkavu. Ukiona wingu limetanda au upepo unavuma mfululizo, lala.